Chuku

Majirani wa Katuba wanasema napiga chuku.
Si uongo. Nimepigwa saba,
mgongoni, kwa vikombe vya kioo,
na Mama Qiao wa barabara ya kwenda Ruashi,
nyuma ya duka la matairi.

Hakuuliza ninaumwa wapi.
Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono
akanyamaza, kama sisi tulivyonyamaza zamani
mbele ya tanuri, tukisikiliza
kama shaba imeiva.
Kisha: "Ulimi." Nikautoa,
mzee wa miaka sitini na minane,
na mtoto wa mwenye matairi anachungulia dirishani.

Moto uliingia kikombeni, ukatoka,
ngozi ikaumuka kama unga uliotiwa hamira.
Kuumika, kuumuka: lugha ilijua mapema.
Bibi yangu wa Kasenga alikuwa na pembe ya mbuzi
na nta ya nyuki shavuni;
alifyonza, akaziba, akasubiri,
akamwaga damu nyeusi kwenye jani:
"Tazama uchovu wako."
Sikumsimulia Mama Qiao. Angeuliza bei,
na bibi alilipwa kuku.

Akawasha pakanga, akaisogeza karibu na goti.
Nikacheka peke yangu. Miaka thelathini na mmoja
nimekula moshi wa lile bomba kubwa,
leo natoa faranga zangu nifukizwe.

Halafu sindano.
Nyembamba, unywele,
mpini wake umesokotwa kwa uzi mwekundu.
"Shaba?" nikauliza.
"Shaba," akajibu. Neno hilo analijua vizuri.

Basi ndiwe, nikasema moyoni.
Ulipita Kasumbalesa juu ya lori, bamba zito,
mimi niliyekumimina nikabaki na mgongo huu;
umezunguka bahari, umekonda,
umerudi kunichoma pole pole
kama mtoto anayeomba msamaha
asijue kosa lake ni lipi.

Mgongo? Usiku wa kwanza ulilala.
Wa pili tuliamka wote wawili.

Mwadi alinivua shati karibu na taa,
akapitisha kidole kwenye maduara mekundu,
moja moja, bila haraka.
"Saba," akasema. "Na faili lako la malimbikizo
miaka yote hii limekosa muhuri mmoja tu.
Kesho nakupeleka ofisini hivi hivi,
bila shati,
wakusome."