Mkasi Mezani

Mbeyu kapata mshahara wa kwanza,
akatupeleka kwa Mkorea, njia ya Kasuarina,
mama na leso yake ya sikukuu, mimi na njaa.

Jiko limo ndani ya meza.
Mama aliyachungulia makaa, akauliza
nani atakayepika,
maana sisi ndio tuliokuja kulishwa.

Nyama ikaletwa: nguruwe mweusi,
vipande vinene kama matofali, ngozi ingali na vinyweleo.
"Kisiwani kwetu ni huyu tu," akasema Bi Myung-ok,
Kiswahili chake cha miaka minne kimenyooka kama rula.
Kisha akachomoa mkasi.

Mama, miaka thelathini kwenye cherehani,
aliyetuchapa kwa kukata karatasi kwa mkasi wa vitambaa,
alifumba macho.
Kacha, kacha. Mafuta yakalia motoni.

Hakugusa. Alinusa tu kibakuli
kilichokuwa kikitokota pembeni ya wavu,
rangi ya udongo, harufu ya...
"Dagaa," akasema. "Hawa dagaa. Wa chumvi."
Akachovya. Akatafuna polepole
kama anayehesabu mishono.
Cha pili alikichovya zaidi. Cha tano
alikifunga kwa jani mwenyewe, bila kufundishwa.

Usiku, mlangoni, Bi Esha jirani:
"Mwanukia moshi! Mmekula nini?"
Mama akaikunja leso, upande wa moshi ndani.
"Dagaa," akasema.

Na kweli walikuwamo.