Sentimita Arobaini

Malalamiko yaliingia Jumatatu, kabla sijamaliza kahawa.
Bi Lorraine Thiessen, nyumba namba kumi na nane:
"Karavani la Petryshyn linaninyima dirisha."
Mwanga? nikauliza.
"Sikusema mwanga. Nimesema dirisha."
Nikaliandika neno kama alivyolitoa.

Kifungu cha kumi na nne hakina fumbo:
kuanzia Mei mosi hadi Oktoba ikatike
gari la matembezi laruhusiwa mbele ya nyumba,
mradi lisikanyage majani,
mradi lisilaliwe,
mradi pua yake ibaki sentimita sitini
nyuma ya njia ya waendao kwa miguu.
Theluji ikianza, liondoke. Kuna yadi ya kulipia
nje ya mji, nyuma ya maghala ya ngano,
ambako mengine yamesahauliwa
hadi ndege wametaga kwenye ngazi zake.

Mji wetu, katikati ya tambarare za Saskatchewan,
una watu elfu sita na ushee,
na kila mmoja anajua, kwa sentimita,
haki ya jirani yake inapokoma.

Orest Petryshyn alinifungulia mlango
akiwa na soksi mguu mmoja.
"Pima," akasema. "Namba hazina kisirani."
Nikavuta futikamba. Nikainama. Ishirini.
"Umepungukiwa arobaini, mzee. Lirudishe nyuma."
"Likirudi nyuma litagonga mteremko."

Ndipo nikauona: mteremko wa mbao
kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye saruji,
misumari bado inang'aa, kingo zimepigwa msasa
ili mkono wa mgonjwa usichomwe na kibanzi.
Aliujenga Septemba, kwa ajili ya kiti cha Halyna.
Februari kiti kilirudishwa hospitali.
Mteremko haukuwa na pa kurudishwa.

(Hata huo ulihitaji kibali. Sikuuliza.)

Karavani walilinunua walipostaafu, la mtumba,
lenye mistari ya kahawia ubavuni.
Walisafiri nalo mara moja tu, hadi ziwani.
Mvua ikanyesha siku nne, wakacheza karata,
Halyna akashinda mizunguko yote.
Orest alinisimulia haya akiitazama tairi.

Husemwa sheria ni msumeno.
Yangu ni utepe tu: hutoka, husoma,
hujikunja tena kwenye kasha lake.
Nikaandika onyo. Siku kumi na nne.

Kisha nikaenda nyumba ya pili kumjulisha mlalamikaji.
Bi Thiessen akaniongoza hadi kwenye sinki.
"Simama hapa. Miaka ishirini na sita,
saa moja asubuhi, mimi hapa na birika, yeye pale na birika.
Hatukuwa watu wa kutembeleana.
Tulipungiana mkono, basi. Sasa naona bati."
"Lakini Bi Halyna..."
"Najua alipo, kijana. Keki ya matanga niliioka mimi.
Nataka dirisha."

Hakuna kifungu cha hilo. Nilitafuta
usiku ule, hadi kwenye viambatisho.

Siku ya kumi na nne iliamka na upepo,
ule unaomvua mtu kofia na heshima pamoja.
Karavani palepale. Mteremko palepale.
Ila mapazia ya karavani yalikuwa wazi, pande zote mbili,
na kupitia kioo hiki, kisha kioo kile,
jiko la Petryshyn lilionekana, dogo, la manjano,
na mzee ndani yake akijaza birika.
Nani alimwambia?
Fomu haina nafasi ya swali hilo.

Nikavuta futikamba. Upepo ukaupinda utepe,
ukatoa tumbo katikati;
nikasubiri utulie, haukutulia.
Nikaandika nilichokisoma:
sitini.