Tundu la Bikari

Liverpool, 1941

Siku zile mpira wa kufutia ulikuwa adimu.
Tulifutia mkate:
kiini cha mkate wa jana, kigumu kidogo,
ukikifinyanga vidoleni kinakula risasi ya penseli
bila kuichuna karatasi.
Nalitaja hili mapema
kwa sababu ndilo linalonijia kwanza.

Usiku Dakta Threlfall alivaa kofia ya chuma
akaenda kufukua watu.
Asubuhi alirudi maabara, vumbi la matofali nyusini,
kucha zimevunjika,
akasema, "Bi Roughsedge, tuendelee."
Tukaendelea.
Yeye anataja tarakimu, mimi nazungusha mpini,
mashine inameza, inatafuna, inatema jibu
kwa kengele ndogo, kama ya baiskeli ya mtoto.

Swali lilikuwa jepesi kulisema:
madini kiasi gani, yakikutanishwa ghafla,
hayataweza tena kujizuia?
Tuliomba iwe tani. Tani zingetuokoa;
nani angebeba tani angani?
Jibu likaja dogo.
Tulirudia mara tatu.
Lingeenea kikapuni mwa Bi Prydderch,
mwenye nyumba aliyopanga Dakta, akitoka sokoni,
na nafasi ya kabichi ikabaki.

Rafuni, ndani ya kopo la jemu, mlikuwa na unga mweusi
uliotoka Katanga.
Aliyeuchimba hakuulizwa neno.
Nami sikuuliza jina lake.

Kisha wakubwa wa London wakataka kujua: hadi umbali gani?
Yaani mji utaliwa mpaka wapi.
Hatukuwa na ramani ya Berlin.
Tulikuwa na ya kwetu, ya walinzi wa moto,
imekunjwa mara nane, ina doa la chai juu ya Birkenhead.
Threlfall akasema, "Itafaa. Mji ni mji."
Akachomeka bikari kwenye kilima cha Brownlow,
pale pale tulipoketi,
akazungusha.

Mstari ukapita nje ya Barabara ya Smithdown,
ukamtia ndani Bi Prydderch na paka wake,
ukamtia kinyozi, hospitali ya wazazi,
shule anayofundisha dada yangu;
kanisa la Wawelshi ukalikata kati,
mimbari ndani, mlango nje.
Nilisoma mitaa kwa sauti, yeye akaandika idadi ya watu.
Nilipofika Mtaa wa Alderney akanyanyua mkono.
"Huo nilikuwapo jana usiku," akasema.
"Tulimtoa mtoto mmoja. Saa sita nzima."

Mtoto mmoja, saa sita, wanaume tisa.
Hakuna aliyeniomba nizungushe mpini kwa hesabu hiyo.
Sikuuzungusha.

Usidhani tulilia.
Tulikuwa na hoja, na hoja ilikuwa nzuri:
wale wa ng'ambo, mmoja wao mwalimu wake wa zamani,
wanajua yale yale tunayoyajua,
na wakitutangulia je?
Hata leo siwezi kuivunja.
Inasimama
kama ukuta mmoja unavyosimama
nyumba ikishaondoka nyuma yake.

Akatoa mkate mfukoni, akalifuta duara.
Makombo yakabaki mezani, meusi.
Nikayakusanya kiganjani, na kwa mazoea,
maana chakula kilikuwa cha kupimiwa,
nikakaribia kuyatia kinywani.

Agosti ya mwaka wa arobaini na tano redio ikasema.
Threlfall alikuwa amekwisha kwenda Amerika;
barua zake zilikuwa za hali ya hewa tu.
Na mji ule haukuwa Berlin.
Mji ni mji.
Nikaitoa ramani, nikaiinua dirishani.
Duara halipo. Mkate ulifanya kazi yake.
Lakini pale Brownlow pana tundu,
jembamba, sisimizi angelipita kwa taabu,
na mwanga wa alasiri ukapenya,
ukatua kwenye mkono wangu wa kulia,
ule wa mpini.
Nikafumba ngumi. Ukabaki juu yake.

Majuto ni mjukuu, husema watu.
Mimi sikuzaa.
Naye huja vivyo hivyo, jioni,
anaomba mkate.