Ndevu za Tróndur

Banda letu la mbao lina nyufa,
limejengwa hivyo makusudi, upepo wa bahari upite.
Nyama ya kondoo imening'inia humo tangu Oktoba.
Baba huingia na kufumba macho.
Hunusa tu: paja hili bado, hili tayari,
lile watupieni kunguru.

Mwaka ule alimtuma Tróndur.
Akarudi na lile la kunguru
amelipakata kama kichanga.
Tukacheka mpaka mama akatoka nje.
Kaka naye akacheka.
Alikuwa na miaka kumi na minane
na sauti kama yangu.

Usiku nikamwuliza: kweli husikii harufu?
"Sunnvør, mimi nilidhani ni msemo.
Watu husema mkate unanukia
kama wasemavyo moyo umevunjika.
Sikujua kwamba hewani kuna kitu."

Huko Tórshavn, daktari mwenye vidole vya baridi
alichora mtoto wa tumboni, wiki chache tu, mdogo kama kunde.
Hapa, alisema, ndipo pua, kabla haijawa pua.
Neva za kunusa huchipuka hapa, zikaelekea ubongoni.
Na kuna seli nyingine, si nyingi,
huzishika neva hizo kama kamba, zikapanda nazo.
Hizo ndizo zitakazoamuru, miaka mingi baadaye,
ndevu ziote, sauti izame.
Iko jeni inayoitandika njia hiyo.
Kwako ina herufi moja iliyokosewa.
Kamba ziliishia mlangoni,
na wapandaji wakabaki palepale,
na barua ya ndevu zako mkononi.

"Herufi hiyo nimempa mimi?" mama akauliza.
Daktari akasema ndiyo.
Mama akafunga vifungo vya koti, akavikosea,
akavifungua, akaanza upya.

Hakuna aliyenitazama mimi,
mwenye pua kali kama ya mbwa wa malishoni,
ambaye huenda naibeba pia, kimya,
kwa mwana nisiyemjua.

Sindano zilileta ndevu, nyekundu, kwa fujo.
Harufu haikuja.
Siku hizi Tróndur huingia bandani peke yake,
hugonga paja kwa kifundo cha kidole,
huinamisha sikio.
Baba huja nyuma yake kunusa, kuhakikisha.
Majira haya amemsahihisha mara moja tu,
na hata hapo walibishana.