Pangaboi la Bi Mize

Pangaboi Kibokoni, lazunguka kwa uvivu,
Shekue yuko ngazini, mita yake ina kovu:
“Msukumo wa jioni, washuka, hauna nguvu,
Pasi zote zi kazini, mkondo ni mlegevu.

Zungusha kitufe hiki, ukinzani ndio huu;
Ukizidi, haufiki, mkondo kwa wingi juu;
Maradufu, unabaki nusu tu, bibi mkuu.”
Bi Mize kamdhihaki: “Hata babuyo ni huu!”

Pasi zilipozizima, msukumo ukarudi,
Kitufe hakikuhama, ukinzani hauzidi;
Shekue akatazama, mshale wapanda, hodi!
Pangaboi likavuma, likapeperusha kadi,
Bi Mize kaacha tama, akalala hadi Idi.