Tairi la Bei ya Jana

Saa nne asubuhi Mwanatumu kanipigia, hasalimu:
"Hela yangu umekula, kazi hukufanya.
Kuna mtu hapa kasukuma baiskeli kutoka Pongwe,
ananionyesha tovuti yangu mwenyewe,
tairi elfu kumi na nane.
Mimi nilikwambia ishirini na mbili. Jumanne.
Ukaniambia tayari."

Na kweli ilikuwa tayari.
Nikafungua kwangu: ishirini na mbili.
Kwa fundi cherehani wa chini: ishirini na mbili.
Nikavuka Barabara ya Kumi na Mbili
kandambili moja ya bluu, moja ya kijani.

Dukani, simu mbili zimelazwa juu ya kaunta,
pua kwa pua kama majogoo,
duka moja, bei mbili,
kila moja inaapa.

Nikamuuliza: Shebughe, kijana wako,
ukimwagiza tyubu huenda ghalani kila mara?
Akacheka kwa pembeni ya mdomo.
Shebughe hajaenda ghalani mara mbili kwa kitu kimoja.
Huchota tyubu sita, huzificha chini ya kaunta,
mteja akiita, huinama tu, anatoa.
Chapuchapu. Watu wanamsifu.
Ghalani wakishusha mzigo mwingine
Shebughe bado anainama.
Hakudanganyi.
Hajaenda kuangalia.

Ndiyo kache hiyo, dada.
Simu ya bwana huyu ina Shebughe wake ndani.
Seva ina wake.
Na huko njiani, mji gani sijui,
kuna wa tatu ambaye hatujamwona uso,
kaikalia bei yako ya zamani
kama kuku aliyeatamia viza.

Bwana wa Pongwe, Hozza jina lake, akanikabidhi simu
kama mtu anayempa daktari mtoto.
Mipangilio. Historia.
Nikaweka alama kwenye picha na faili zilizohifadhiwa,
nywila nikaziruka (ukifuta nywila za mtu
atakulaani mpaka Ijumaa).
Futa.
Kiduara kikazunguka,
kikazunguka,
ishirini na mbili.

Nilidhani nimeshinda.
Hozza akaitazama simu, akalitazama tairi.
"Kwa hiyo mlichonifanyia
ni kunipandishia bei mkononi mwangu."

Mwanatumu akalishusha tairi kwenye ndoano.
"Lete kumi na nane.
Ulitoka kwako na bei ya jana.
Njia ndiyo ndefu, wewe si mwongo."
Kisha kwangu, kidole juu:
"Kesho asije mwingine."

Nikarudi juu, nikasafisha seva,
na ile picha ya bei nikaibadilisha jina:
*bei* ikawa *bei-mbili*.
Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Kitu kikiitwa jina jipya
hakuna Shebughe atakayesema anacho chini ya kaunta.
Ghalani ataenda, apende asipende.

Mji ndio sijui nitaufutaje.
Mgeni akiuliza njia, wanamwambia kata kona kwa Mgoa wa mikate,
na pale pana mitungi ya gesi tangu sijaota ndevu.

Bibi yangu ujanja huu aliujua
kabla umeme haujafika Mabokweni.
Nilizaliwa Nuhu. Wawili walionitangulia walikufa.
Wiki ya tatu joto likanipanda, wakanikimbiza Bombo,
wakanirudisha vilevile.
Bibi akanibeba mpaka jalalani,
akanilaza juu ya maganda ya machungwa,
akaenda hatua saba, akarudi:
"Jamani, nimeokota mtoto. Ni Kiokote huyu."
Usiku kifo kikaja, kikamuulizia Nuhu,
kikaambiwa hapa hakuna mtu wa jina hilo.

Naitwa Kiokote. Natengeneza tovuti za watu.
Na kwenye daftari la wodi,
kama mchwa hawajalifikia,
Nuhu bado ana wiki tatu,
nyuzi thelathini na tisa na nusu.