Tope la Magurudumu

Siku hizi simuulizi dereva ametoka wapi.
Naliuliza tairi.

Vumbi jeupe, jepesi kama unga wa muhogo:
huyo kalala Uvira, uwandani kwenye joto,
kwenye miwa na mbu wasio na adabu.
Tope jekundu linalong'ang'ania chuma: Walungu.
Changarawe nyeusi inayokwaruza vidole
ni Goma, mlima uliotapika ukapoa.

La Murhula ndilo gumu.
Alikwama siku kumi na moja njia ya Shabunda.
Chini ya bodi nilikuta jani pana kama sahani,
bado bichi, na konokono mmoja
aliyesafiri bila kulipa.
"Kule," akasema, "jua huomba ruhusa kuingia."
Nikamwambia aongeze franka mia tano.

Mimi mwenyewe sijavuka Nyangezi.
Nchi naijua kwa kucha.

Namwaga ndoo. Maji yanashuka mferejini
mekundu, meupe, meusi,
mpaka yanakuwa rangi moja isiyo na jina,
yanaingia Ruzizi, na Ruzizi haijawahi kurudi
kutuambia imeyafikisha wapi.

Cibalonza hulalamikia mashuka.
Jana alinishika mkono, akaukagua chini ya taa,
akakuta kidole gumba bado kina weusi.
"Na huyu je, wa wapi?"
Nikacheka. Sikumjibu.

Konokono nilimbandika ukutani, kwenye tofali bichi.
Asubuhi hakuwapo.
Ameacha mstari unaong'aa,
umepinda kwenye dirisha,
unapanda kuelekea Kadutu.